Unapanda Lushoto mara ya kwanza? Pitia hapa kabla hujakata tiketi (Mombo, Soni, Irente, Magamba mpaka Mtae)

#1 Mtoto wa Soni (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila Desemba ikikaribia, na tena shule zikifungwa Juni, naulizwa maswali yaleyale: "Nataka kuja Lushoto wikiendi, nianzie wapi?" Nimezaliwa Soni, shughuli zangu ziko hukuhuku, nikaona niyaandike yote mahali pamoja. Anayejua zaidi aongezee, anayetaka kuuliza aulize, nitakuwa napita.

Naanza na lile ninaloliona la muhimu kuliko yote, maana linaharibu safari za wageni wengi: magari ya milimani yanamfuata mkulima, hayamfuati mtalii. Vijiji vya juu vinashuka alfajiri na mboga na abiria, vinarudi mchana na jioni. Yaani gari za kutoka Mtae zinaondoka saa kumi, saa kumi na moja alfajiri, na za kupanda Mtae zinatoka Lushoto mjini kuanzia mchana. Ukiamka saa tatu ukanywa chai taratibu ukitegemea kwenda Mtae na kurudi siku hiyohiyo kwa gari la abiria, haiwezekani. Panga siku zako kwa mwendo huo na mengine yote yatakaa sawa.

La pili ni jiografia. Usambara ziko mbili. Ya Magharibi ndiyo yenye Soni, Lushoto, Mlalo na Mtae, na unaingilia Mombo. Ya Mashariki ndiyo yenye msitu wa Amani, na unaingilia Muheza. Katikati kuna bonde la Mto Lwengera. Nakutana na watu mjini wameshafika, wanauliza Amani iko mtaa gani. Ni safari nyingine kabisa, yenye siku zake.

Kufika. Kutoka Dar kuna mabasi ya moja kwa moja, yanaanzia stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, na ni ya asubuhi. Ukilikosa, panda basi lolote la Moshi au Arusha ushuke Mombo. Mwambie kondakta tangu unapopanda kwamba unashuka Mombo, na begi lako lisisukumwe ndani kabisa ya buti, la sivyo mtasimama njiani kupakua mizigo ya watu wengine ndipo lako lionekane. Ulizia nauli ya kuishia Mombo, maana kuna mabasi yanayotaka ulipe kana kwamba unafika mwisho. Nauli elekezi za LATRA zipo, na tiketi yenye bei iliyoandikwa ni haki yako.

Wa Arusha na Moshi mnateremka kupitia Same, Hedaru, Mkomazi na Mazinde, kisha Mombo. Wa Tanga mjini ni Muheza, Segera, Korogwe, Mombo.

Usikubali kushushwa Mombo usiku wa manane ukidhani utapata gari la kupanda. Kama basi lako linafika usiku sana, lala Korogwe au hapohapo Mombo. Nyumba za wageni zipo. Lala na chandarua, Mombo iko chini, haifiki hata mita 500 kutoka usawa wa bahari, joto lake ni la bondeni na mbu wake hali kadhalika.

Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kilomita 33 za lami, na ndani ya hizo unapanda karibu mita 1,000. Zipo Noah, Hiace na Coaster, pia taksi za kuchangia. Ni kama saa moja hivi. Kona ni nyingi na kali. Anayesumbuliwa na kichefuchefu aombe kiti cha mbele, asitazame simu, na asipande akiwa ameshiba sana.

Nguo nitaeleza chini, nakwenda dukani mara moja.

#2 Mama wa Kimara

Asante sana kaka kwa uzi, umekuja wakati mwafaka. Sisi tunataka kuja Juni na watoto watatu, mdogo ana miaka minne. Naambiwa ni baridi kali, je, wataweza? Na mvua vipi mwezi huo?

#3 Mtoto wa Soni (mleta mada)

Dada yangu karibuni, wataweza vizuri tu, ila waje wamejiandaa.

Mji uko kwenye mita kama 1,400. Juni mpaka Agosti ndiyo baridi yenyewe. Mchana jua likitoka mnatembea na fulana, likizama mnatafuta masweta. Asubuhi ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne. Kila mtoto awe na sweta zito, soksi, kofia ya kufunika masikio, na nguo ya kulalia ya mikono mirefu. Ukipanda juu zaidi, upande wa Magamba, Shume na Mtae, baridi inaongezeka, na Mtae upepo haukauki.

Mnapoulizia chumba, msiulize bei tu. Ulizeni mablanketi ni mangapi kwa kitanda na maji ya moto yanapatikana vipi. Sehemu nyingi za bei nafuu maji ya moto yanaletwa kwenye ndoo, na ni mazuri tu, ila yanaagizwa mapema. Ukiagiza saa moja asubuhi wakati kila mtu anaagiza, mtoto ataoga saa tatu.

Mvua: masika ni Machi hadi Mei, na huo ndio muda ambao mimi siwashauri wageni waje kwa mara ya kwanza. Barabara ya Mombo hadi Soni imechongwa ubavuni mwa mlima, na mvua ikikaza udongo na mawe hushuka barabarani. Kuna siku njia inafungwa hadi mitambo ije isafishe. Vuli inaanza Oktoba au Novemba mpaka Desemba, nayo inanyesha kwa vipindi. Barabara za vumbi za vijiji vya juu ndizo zinazoumia kwanza. Juni hadi Septemba na Januari hadi Februari ni nyakati nzuri. Mwisho wa mwaka kuelekea Februari kuna plamsi na peasi, watoto watafurahi sana.

Kwa mtoto wa miaka minne, msipange matembezi marefu. Irente inawatosha. Nitaieleza.

#4 Dereva wa Chalinze

Mleta mada umesema kweli kuhusu kona. Naomba niongeze kwa wanaokuja na magari yao, maana njia hii naipita kikazi.

Kutoka Dar unaweza kupita Chalinze, au Bagamoyo halafu utokee Msata. Msata mnaungana na barabara kuu kuelekea Segera. Mnaotoka Tegeta na Bunju, ya Bagamoyo inawaepusha na foleni ya Mbezi na Kibaha. Vijijini mwendo ni hamsini, na tochi za polisi zipo. Msishindane na mabasi.

Mombo jaza mafuta, angalia maji ya rejeta, angalia breki na matairi. Usiseme utaangalia ukifika juu. Kupanda si tatizo kwa gari ndogo yenye afya, tatizo ni kushuka. Wengi wanashuka mguu uko kwenye breki kutoka Lushoto mpaka Mombo, wanafika chini breki zinanuka na hazishiki tena. Shuka na gia. Gari ya otomatiki ina gia za chini pia, L au 2, au alama ya kutoa na kuongeza, jifunze kuitumia kabla hujaondoka nyumbani. Breki gusa na uachie.

Kona ambayo huoni mbele, piga honi, sikiliza, kisha ingia ukiwa upande wako. Njia ni nyembamba. Anayepanda apewe nafasi, hasa lori, kwa sababu likisimama kwenye mwinuko kuondoka tena ni kazi. Na jioni kuelekea usiku malori ya mboga yanashuka yakiwa yamejaa, yanakwenda Dar. Kama wewe ni mgeni wa njia hiyo, hakikisha saa kumi na moja jioni umeshafika unakolala.

Ukungu ukikukuta, taa ndogo au za chini. Taa kubwa kwenye ukungu zinakurudia machoni.

Kwa Mtae, gari ndogo inafika kiangazi ukiwa mvumilivu. Mvua ikinyesha, iache Lushoto, panda gari la abiria. Madereva wa huko wanaijua ile njia kwa kila shimo.

#5 Mtoto wa Soni (mleta mada)

Mkuu #4 umemaliza, hilo la breki nilikuwa nakuja nalo. Asante.

Sasa mnafanya nini mkishafika.

Mji wenyewe ni mdogo, unauzunguka kwa miguu. Stendi, soko, benki, msikiti na makanisa, vyote viko karibu. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, na baadhi ya majengo ya wakati huo yamesimama hadi leo. Reli yao kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na huku juu ndiko wakubwa wao walikokimbilia joto la pwani. Sokoni ingia asubuhi. Utaona karoti, kabichi, viazi, nyanya na matunda ya nchi za baridi vikipangwa kwa ajili ya Dar na Tanga. Vijiji navyo vina siku zao za gulio, kila kimoja na siku yake. Uliza mwenyeji wako usiku mmoja kabla, kwa sababu siku ya gulio ndiyo siku magari ya kwenda kijiji hicho yanakuwa mengi, na siku inayofuata yanakuwa machache.

Irente ndiyo kila mtu anaijua, na inastahili. Kutoka mjini unatembea saa moja na nusu hadi mbili bila haraka, au unachukua bodaboda. Unafika ukingoni, chini yako kuna karibu mita 1,000 za hewa tupu, Mazinde na mashamba ya mkonge vinaonekana vidogo kabisa, na nyika ya Wamasai inatandazika hadi macho yanachoka. Asubuhi mapema mara nyingi kuna ukungu, hutaona kitu. Mimi napeleka wageni alasiri. Dada wa #2, pale ukingoni shika mtoto mkono muda wote. Jabali halina uzio kila mahali, na watu wazima wanasogea mno kwa ajili ya picha.

Njiani kuna shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri. Wanatengeneza jibini, mkate wa shayiri nyeusi, jamu na juisi, na unaweza kula mchana pale. Mkiwa kikundi, toeni taarifa siku moja kabla.

Magamba ni msitu wa hifadhi ya asili chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), juu kidogo ya mji. Humo kuna mbega, kuna kima, kuna miti mikubwa ya mikulo ambayo wazee wetu walipasulia mbao, na kuna baridi hata Januari. Unalipa kiingilio kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, hulipi mkononi kwa mtu. Chukua kitambulisho cha NIDA, maana kiwango cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni wa nje. Ndani nenda na mwongozaji. Njia zinagawanyika na ukungu ukishuka hujui ulikotoka.

Vinyonga mtawaona, wengine wana pembe mbili puani. Tazameni, pigeni picha, msiwashike na msiwalipe watoto wawaletee. Mtoto akijua kinyonga ana bei, atamtoa kila mmoja mtini.

Soni hamshuki, na ni kosa. Maporomoko yako karibu na barabara. Ukitokea Soni ukashika njia ya Bumbuli unaingia kwenye chai. Vuga nayo iko upande huo, ndiyo yalikuwa makao ya watawala wetu wa Kikilindi, enzi za mfalme Kimweri ye Nyumbai katika karne ya 19. Ukimpata mzee wa huko mwenye nafasi, keti umsikilize.

#6 Kijana wa Mwanza

Mkuu nipo nafuatilia. Mimi swali langu ni waongozaji. Mwaka jana nilishuka tu stendi, nikazungukwa na vijana wanne, kila mmoja anasema yeye ndiye wa ofisi. Nikaenda na mmoja, njiani bei ikabadilika, tukafika msituni anasema kiingilio nimpe yeye. Sikupenda. Nawajuaje wa kweli?

#7 Mtoto wa Soni (mleta mada)

Pole sana ndugu yangu, na hilo linatuumiza sisi wenyeji kuliko wewe, kwa sababu wapo vijana wanaofanya kazi hii kwa uaminifu miaka mingi na watoto wao wanasoma kwa hela hiyo.

Utalii wa kitamaduni Lushoto una ofisi. Ziko mjini, si mbali na stendi, zina mlango, zina kitabu cha wageni na zina bei zilizoandikwa. Usipatane stendi. Mwambie kijana kwa upole, "Asante, twende ofisini tukaandikishane." Wa kweli atafurahi akuongoze mpaka mlangoni. Ofisini ulizia mambo haya kabla hujatoa hela: bei ni ya mtu au ya kikundi, kiingilio cha msitu kimo au hakimo, chakula na malazi ya mwongozaji juu ya nani, na kama kuna mchango wa kijiji mtakachopitia. Chukua risiti. Kiingilio cha TFS unalipa mwenyewe kwa simu na ujumbe unaingia kwako.

Hiyo ya kwenda bila mwongozaji kabisa, naelewa mtu anataka kuokoa hela. Kwa Irente nenda mwenyewe, njia ni moja na watu wapo. Kwa Magamba na safari ya kulala vijijini, usifanye hivyo. Mwongozaji anayejua Kishambaa anakufungulia milango ambayo hela haifungui. Na wewe jifunze salamu. Asubuhi unasema *onga maundo*, mchana *onga mshee*, ukisalimiwa unajibu *niwedi*. Bibi aliyebeba kuni akisikia hivyo kutoka kwa mtu wa Mwanza atasimama na kuutua mzigo.

#8 Bi Mkubwa wa Tanga

Mwanangu umesema vyema. Niongeze kwa mabinti zetu wanaokuja. Lushoto Waislamu ni wengi, na hata Wakristo wa kule ni watu wa staha. Kaptula fupi ziacheni hotelini. Khanga moja kwenye begi inatosha, unajifunga unapoingia kijijini, na usiku inakuwa shuka. Ijumaa kati ya saa sita na saa nane maduka mengi yanafungwa. Na kama safari imeangukia Ramadhani, mchana chakula cha mgahawa mtakitafuta, basi nunueni mikate na matunda mapema, mle faragha. Kupiga watu picha, ombeni kwanza. Mama akikataa, msalimieni mpite.

Na mashamba yale ya matuta msiyakate katikati kufupisha njia. Tuta moja likibomoka, mvua ya kwanza inashuka na udongo wa mwenye shamba.

#9 Mtoto wa Soni (mleta mada)

Shikamoo mama, na nakushukuru. Hilo la matuta ningelisahau.

Sasa Mtae, ambako ndiko nawasihi mfike. Wengi wanalala Lushoto usiku mmoja, wanapiga picha Irente, wanarudi. Wamefika mlangoni tu.

Ni kilomita kama 60 kutoka Lushoto, unapitia Magamba, Lukozi, Manolo, Sunga. Lukozi ni mboga tupu, pande zote za bonde zimepandwa hadi juu. Barabara inakuchukua saa tatu au zaidi, kutegemea gari linasimama mara ngapi. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima, mwembamba, kwa hiyo kuna mahali ukisimama unaona mteremko kulia na mteremko kushoto. Kaskazini chini ni Mkomazi, ng'ambo yake ni nyanda za Tsavo za Kenya, na magharibi milima ya Upare. Kuna kanisa la Kilutheri la enzi za wamisionari Wajerumani. Jirani kidogo ni Mambo, nako kuna ukingo wa kutazamia na malazi.

Utaratibu wake ni huu. Siku ya kwanza unalala Lushoto. Siku ya pili asubuhi unatembea mjini au Irente, saa sita uko stendi, unapanda gari la Mtae, unafika jioni, unalala. Siku ya tatu unatembea huko mchana kutwa. Jioni yake unamtafuta kondakta wa gari la alfajiri, mnapatana, unaweka nafasi. Hawa wanalala hapohapo kijijini na kila mtu anawajua. Saa kumi alfajiri unakuwa tayari barabarani na koti lako. Kuna gari zinazoendelea moja kwa moja hadi Tanga au Dar, ulizia, unaweza usihitaji kubadilisha Lushoto.

Wenye miguu wanatembea Lushoto hadi Mtae kwa siku tatu au nne, wakilala njiani. Rangwi kuna masista wanaopokea wageni. Hiyo ni safari ya mwongozaji na viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Viatu vipya vitakutoa malengelenge kabla ya Lukozi.

Mwenye siku ya ziada apitie Mlalo. Ndiko wamisionari wa Bethel walikoanza kazi mwaka 1891, na mji wake una nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao. Sijaona kwingine huku zikiwa nyingi namna ile.

Hela na simu. Lushoto mjini kuna NMB na CRDB zenye mashine za kutolea. Zaidi ya hapo tegemea wakala wa simu, na wakala wa kijijini anaweza kuishiwa pesa taslimu, hasa siku ya gulio. Toa za kutosha mjini, tena noti ndogondogo. Noti ya elfu kumi kwa kikombe cha chai inamsumbua mama wa watu. Mtandao unashika kwenye miinuko na kukatika mabondeni, basi ujulishe nyumbani kabla hujaondoka mjini. Umeme ukikatika unaweza kuchukua muda kurudi, njoo na tochi na betri ya akiba ya simu.

#10 Mgeni kutoka Mombasa

Hamjambo ndugu zetu. Nimesoma yote, nashukuru sana. Sisi ni watu wanne, tungependa kuja Agosti kwa gari letu. Tupitie Lunga Lunga ama Taveta? Na stakabadhi gani tubebe?

#11 Dereva wa Chalinze

Karibuni sana. Kwa Mombasa njooni Lunga Lunga, mnavuka Horohoro, mnafika Tanga, halafu Muheza, Segera, Korogwe, Mombo. Lami yote. Taveta inawafaa waliotoka Voi au Nairobi, wanavuka Holili, Moshi, wanateremka Same hadi Mombo.

Njooni na pasipoti, msitegemee kitambulisho cha taifa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti. Gari liwe na kadi yake halisi, na kama si la kwenu, barua ya mwenye gari. Bima ya nchi yenu pekee haitoshi, ulizeni bima ya COMESA kabla ya safari. Vukeni asubuhi, mlale Tanga, kesho yake mpande mlima mchana.

#12 Mama wa Kimara

Wapendwa mmenisaidia sana. La mwisho: mama yangu ana miaka 68, ana presha na magoti yanamsumbua, naye anataka kuja. Je, nimlete au nimwache?

#13 Mtoto wa Soni (mleta mada)

Mlete, dada. Kwanza apite kwa daktari wake, amweleze anapanda mahali pa baridi pa mita 1,400, na dawa abebe za siku zaidi ya mlizopanga, maana mvua au gari vinaweza kuwachelewesha. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiende kwenye buti. Hospitali ya wilaya ipo Lushoto mjini. Mtae musimpeleke, ile barabara itamtikisa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi.

Chukueni chumba cha chini, kisicho na ngazi. Nyumba nyingi huku zimejengwa kwenye mteremko, mtu anakwambia "ni hapa tu" kumbe kuna ngazi arobaini. Uliza kabla hujalipa. Irente msimtembeze, chukueni taksi impeleke hadi karibu na ukingo, dereva awasubiri, na bei iwe ya kwenda, kusubiri na kurudi. Bodaboda hapana. Kutoka Mombo mpatie kiti cha mbele cha Noah, na mkiwa familia nzima nyinyi watano au sita, kodini gari lote, mtasimama Soni anyooshe miguu.

Mkipata tarehe niandikieni hapahapa kwenye uzi, nitawaambia barabara imeamkaje wiki hiyo.